Weka Inayoingia

Matogoro, Jumapili mchana

Skolastika,

Barua huanza kwa salamu na kuulizana hali. Hali yako naijua. Unapanda ngazi tatu za baraza la mjomba wako, unasimama kwenye ya pili kutafuta pumzi. Yangu huitaki kuijua. Basi salamu tumezimaliza.

Nakuandikia nikiwa kwenye banda la mashine. Leo hatusagi, hakuna mtu, nimekaa juu ya gunia la pumba. Mama yako yuko huko Bombambili anakufungia mizigo, na mimi nimekatazwa kufika. Mjomba wako Longino alikuja jana kunieleza, amevaa viatu vyake vya ofisini, akasimama katikati ya vumbi la unga na kusema kwa sauti ile ya barua za serikali: "Shemeji, Skola ameomba usimsindikize stendi. Na Dar usiende. Nitakwenda naye mimi."

Nikamuuliza, "Ameomba au ameagiza?"

"Shemeji, usinigombanishe na mtoto."

Mtoto. Una miaka ishirini na umenipita urefu. Niliendelea kufagia pumba kuelekea kwenye viatu vyake mpaka akaondoka.

Kwa hiyo nina hasira, na usitegemee barua tamu. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kufunguliwa kifua mara ya pili. Ile valvu ya chuma uliyowekewa moyoni ukiwa na miaka kumi na minne itatolewa, watajaribu kuweka kubwa zaidi. Na umeshatangaza kwamba ukipona hurudi Matogoro, utabaki hukohuko kwa binti wa mjomba wako usomee ukarani. Sawa. Mambo ya kila siku sitakuandikia. Vidonge vya kuzuia damu isigande unavijua kuliko mimi. Habari za kukaa karibu na dereva na kutonunua mayai ya njiani mama yako atakuambia mpaka usinzie. Mimi nina jambo moja tu, ni baya, na nimelikalia miaka sita.

Lakini tuanze na yale unayoyajua, usije ukasema nimeyaruka.

Uliporudi kutoka Dar mara ile na mshono kifuani, jumuiya yetu ilikuwa imeshasali novena mbili kwa ajili yako. Nikasema lazima tutoe misa ya shukrani. Hapo sikukosea, aliyeombewa hushukuru. Kosa ni kwamba sikutaka kushukuru tu, nilitaka watu waone. Nikatoa amri kwamba ndoo ya unga ya matoleo utaibeba wewe mwenyewe, kichwani, kutoka mlangoni mpaka altareni. Mama yako alisema, "Baba Skola, mtoto hajatimiza hata miezi mitatu tangu apasuliwe." Nikamjibu kwamba valvu ni mpya, sasa anataka ndoo ibebwe na nani.

Ulitembea vizuri mpaka katikati ya kanisa, kisha ukasimama. Kwaya ikaendelea, kina mama wakapiga vigelegele, watu wakadhani umesimama kwa heshima. Hata mimi nilidhani hivyo, na machozi yalinitoka kwa majivuno. Ukasogea tena, ukafika, ukaitua ndoo. Baadaye nyumbani, wageni wakiwa wanakula, ulinivuta shati tukaenda nyuma ya jiko, ukasema, "Baba, pale katikati niliona giza."

Nakumbuka jibu langu neno kwa neno, na najua unalikumbuka. Nilisema, "Nyamaza. Watu wameshashukuru."

Sijui kama siku moja utakaa na watu wa mbali uwaeleze jambo hili wakalielewa. Kwetu hapa, mtu akishatolewa misa ya shukrani hawezi kuumwa tena ugonjwa uleule. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ipo. Ukisema bado unaumwa, umemwambia Mungu kazi yake ni mbovu na kuku wa watu wameliwa bure. Mzee mmoja akikuuliza njiani, "Binti hajambo?", jibu ni moja tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya wote nikasema amepona. Basi ikabidi upone, utake usitake, na mimi ndiye niliyekuwa nakusimamia upone.

Halafu kuna hili sikio langu. Mimi naweza kusimama nje ya banda nikasikiliza injini na kukuambia valvu ipi inavuja. Nikahamishia ujuzi huo mgongoni kwako. Unakaa kwenye kigoda unachambua mchicha, nakuja nyuma yako, naweka sikio, nasikiliza ile tik, tik, tik ya chuma chako. Ilikuwa inapiga safi. Nilijisifu kilabuni kwamba ya binti yangu inafunga vizuri kuliko injini ya tajiri. Ukisema umechoka, nasikiliza, inafunga. Ukisema kifua kinabana, nasikiliza, inafunga. Nikahukumu kwamba kinachovuja ni tabia. Nilikuita malkia. Nilikuita gogo. Mwalimu wako alipoandika kwamba huwezi kukimbia na wenzako, niliirudisha karatasi yake nikiwa nimeandika nyuma, "Akimbie."

Na ile siku ya kuni. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Tulikuwa watatu tunashuka kilimani, mimi nyuma yako, mama yako mbele. Ukakaa chini na mzigo wako, kisha ukalala ubavu. Nikasema, "Inuka, unatuchelewesha." Hukujibu. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja mwamba na mwingine korongo. Nikakuvuka. Sisemi nilikupita, nasema nilikuvuka, mguu mmoja huku na mwingine kule, nikaendelea kushuka na kuni zangu. Kwetu hata miguu ya mtoto aliyelala sebuleni haivukwi. Mama yako alipogeuka akaniona nashuka peke yangu, alitupa mzigo wake chini akapanda kwa magoti na mikono. Mimi nilikuwa nimesimama nikisubiri mwone haya.

Midomo yako ilikuwa na rangi ya jivu. Hapo ndipo nilipoogopa, na hata hapo, Skola, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni watu watasema nini. Hayo ndiyo unayoyajua. Kwa hayo peke yake una haki ya kunikataza stendi, ingawa nitaendelea kukasirika.

Mwezi uliofuata tukaenda ile hospitali ya misheni upande wa Tunduru, siku mbili barabarani na matope. Yule daktari mwanamama, mpole mpaka anaudhi, alikupaka maji ya baridi kifuani, akakutazama moyo kwenye mashine yake muda mrefu. Mimi nilikuwa namsubiri aseme valvu imeharibika. Nilishaandaa maneno ya kuwalaumu walioitengeneza. Akageuka akasema, "Baba, valvu hii haina kosa lolote. Inafunguka yote na inafunga yote. Ila ni ndogo kwa mwili wa Skola. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu kupitia tundu dogo, na misuli yake imeshaanza kunenepa kwa kazi hiyo."

Nikamwambia kwamba mimi huisikiliza kila siku na inapiga vizuri.

"Unachosikia ni kufunga, baba. Kufunguka hakuna sauti."

Miaka minne nilikuwa nasikiliza upande usiohusika. Wewe ulilia, kwa sababu hatimaye mtu mwenye mashine alikuwa amesema huna uvivu. Tulipopanda basi kurudi, ulisema bila kunitazama, "Walijua. Wale madaktari wageni lazima walijua. Waliona ni mtoto wa fundi kutoka Songea, wakanipachika iliyobaki." Mimi niligeukia dirishani nikatazama miti mpaka Namtumbo.

Tangu siku hiyo umeisema hadithi hiyo mara nyingi. Umewasimulia wenzako, umemsimulia mjomba wako, umewasimulia mpaka masista. Kila ukiianza mimi hutoka nje. Ulidhani naudhika na kelele zako. Mama yako alidhani ni aibu ya siku ya kuni. Hakuna aliyejua, maana nilimficha hata yeye.

Walijua, ndiyo. Na mimi nilijua.

Lazima kwanza nikueleze kitu kuhusu kazi yangu, na usikichukue kama kisingizio, kichukue kama maelezo ya ajali. Enzi za mashine ya kijiji, kabla mambo hayajawa ruksa, spea ilikuwa hadithi. Unaandika barua wilayani, unajibiwa mwakani kwamba barua yako imepokelewa. Huku kina mama wamepanga ndoo zao foleni tangu alfajiri, wengine wamebeba watoto mgongoni, na nyumbani kwao hakuna unga. Fundi hana uso wa kuwaambia subirini. Ringi si saizi yake, unaipiga msasa. Valvu ni ya injini nyingine na ni ndogo kidogo, unaweka inayoingia. Injini itakosa nguvu, itasaga debe moja kwa muda wa madebe mawili, lakini inakwenda, na foleni inakwenda. Nilisifiwa kwa hilo kutoka hapa mpaka Peramiho. Waliniita fundi asiyesema hapana. Baadaye biashara zikafunguliwa, mashine ikauzwa kwa mtu binafsi, maduka ya mjini yakajaa spea za kila saizi, na mafundi vijana wakaja na vitabu na vifaa vya kupimia. Mimi nikawacheka. Walikuwa wanapima kitu kwa nusu saa wakati mimi ningekuwa nimeshafunga na kuwasha. Mkono wangu ulikuwa umeshajifunza jambo moja, na mkono hauwezi kufundishwa upya kwa sababu tu serikali imebadilisha siasa.

Mkono huo ndio nilioupeleka Dar.

Siku moja kabla ya upasuaji wako niliitwa kwenye chumba kidogo. Alikuwepo yule daktari mgeni mrefu na daktari wetu aliyekuwa akitafsiri. Nje, kwenye benchi, walikuwa wamekaa wazazi wengine. Wale wageni walikuja kwa majuma mawili tu, watoto walikuwa kwenye orodha, na kila mzazi alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Niliwapita nikiingia. Mama mmoja alisogeza miguu yake kunipisha akaniambia, "Mungu awe nawe, baba."

Mgeni akachora moyo kwenye karatasi. Daktari wetu akasema, "Mzee, kuna jambo la kuamua, na tunataka ulijue mapema. Njia ya damu ya binti yako ni nyembamba. Tukifungua tukaikuta haitoshi, tunaweza kuipanua, tushone kiraka, tuweke valvu kubwa itakayomtosha hata akiwa mtu mzima. Kazi itakuwa ndefu na hatari itaongezeka. Au tunaweza kuweka ndogo inayoingia. Itamwokoa sasa. Akikua, huenda ikambana."

Nikauliza swali moja tu. Nikauliza kama ile kazi ndefu itachukua nafasi ya mtoto mwingine.

Akatafsiri. Mgeni akajibu, na daktari wetu akasema, "Anasema hilo si lako kulifikiria."

Lakini nilikuwa nimeshalifikiria. Nilikuwa nimeshaona ndoo zimepangwa.

"Unataka kuongea na mama yake kwanza? Kuna njia ya kumpata?"

"Shemeji yangu ana simu ofisini," nikasema. Na palepale nikamwona Longino ameshika ile simu yake, anasema, "Ngoja kwanza, shemeji, tuulize wataalamu." Nikaona kwamba nikimpigia, watu wote Songea watajua kuwa binti wa Kasiani aliamuliwa na mjomba. Nikasema, "Haina haja. Weka inayoingia."

"Na binti mwenyewe? Nimeongea naye. Anaelewa mambo."

"Ni mtoto," nikasema, nikaweka sahihi.

Ulikuwa chumba cha pili kutoka pale. Nilikukuta umekaa kitandani unamsomea mtoto wa kitanda cha jirani barua kutoka kwao, kwa sababu yeye alikuwa hajui kusoma. Ukaniuliza, "Wamesemaje, baba?" Nikakwambia wamesema kila kitu kiko sawa. Ulicheka ukasema, "Basi tutarudi nyumbani haraka." Nikasema ndiyo, haraka.

Ndivyo ilivyokuwa. Yule daktari mgeni hakukuonea. Aliuliza maswali yote ambayo mtu mwema angeuliza, na mara tatu alinifungulia mlango nikaufunga. Kwa miaka miwili nimekuacha umlaani mtu ambaye hayupo kujitetea, kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu. Mtu akimchafua asiyehusika mbele yako na wewe ukatoka nje kwenda kuangalia kuku, huo ni uongo, hata kama hukufungua mdomo. Nimeujua uongo huo ladha yake. Nimekuwa nao kwenye ugali wangu.

Sitaki pia kujipaka majivu kuliko inavyostahili. Kulikuwa na woga. Niliposikia neno hatari, nilitaka utoke hai kesho yake na si kingine. Na huenda ile kazi ndefu ingekuua. Nilimuuliza yule daktari wa misheni kwa siri, wewe ukiwa unavaa, akasema hakuna anayeweza kujua. Kwa hiyo huenda jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini mwoga naye ana mdomo wa kuuliza, na mimi sikuuliza. Kosa langu ni kwamba nilijibu peke yangu kwa ajili ya moyo usio wangu, kisha ulipolalamika nikakupiga kwa maneno miaka minne kwa matokeo ya jibu langu mwenyewe. Kila nilipokuita gogo, nilikuwa najua kuna karatasi Dar yenye sahihi yangu. Nilijua, nikajilazimisha kusahau, na kila uliposhika kifua nilikuchukia kwa kunikumbusha. Hilo neno nimelifikiria asubuhi nzima kama niliandike. Nililisema moyoni zaidi ya mara moja, basi na liandikwe.

Sasa kwa nini nakuambia leo, unapoondoka, badala ya kuliacha likazikwa nami? Kwa sababu ya maneno mengine aliyonieleza Longino jana, baada ya yale ya stendi. Alisema kwa fahari kabisa, "Skola ameniambia: Mjomba, wakiuliza chochote wewe utaamua. Mimi sitaki kusikia."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Stendi nimeshaimeza, na Dar nitaimeza. Hili haliniteremki.

Watakuuliza tena, Skola. Safari hii ni ngumu kuliko ile, kwa sababu kifua kimeshafunguliwa mara moja na ndani pameshikana, na moyo umeshachoka. Kuna mtu atachora kwenye karatasi na kusema kuna njia mbili au tatu, hii ina hatari hii na ile ina hatari ile. Na wewe unataka kukaa chumba cha pili na kusoma barua za watu, huku mwanamume mwingine wa ukoo, aliyekunja uso, anaweka sahihi. Umejifunza nini kwangu, basi? Unadhani tatizo lilikuwa kwamba aliyejibu ni Kasiani fundi mashine, na kwamba akijibu Longino wa ofisini mambo yatanyooka?

Mjomba wako ni mtu mwema. Simpendi, na hanipendi, lakini ni mwema, na anakupenda mpaka anatetemeka. Ndiyo maana hafai. Mtu anayetetemeka kwa ajili yako atachagua chochote kitakachomwondolea kutetemeka haraka. Najua. Nimekaa kwenye kiti hicho.

Jibu wewe. Waulize wanaweka saizi gani na kwa nini hiyo. Waulize wakikuta haiingii watafanyaje, na uwaambie wewe unataka wafanyeje, kwa mdomo wako, kabla hawajakulaza. Usipoelewa, sema sijaelewa, na wakikutafsiria tena usipoelewa, sema tena. Na hata wakijaa watu kwenye benchi la nje, wakiwa na watoto wao mapajani, wakikuombea baraka, usiharakishe kwa sababu yao. Hiyo ni adabu ya foleni, nami nilikulea nayo, kupisha watu, kutosumbua, kusema asante kabla ya kupewa. Ni adabu nzuri kwenye mashine. Hapo usiitumie.

Ukiona hutaki kabisa huo upasuaji, sema pia. Wakikuambia nini kitatokea usipofanyiwa, sikiliza mpaka mwisho, kisha sema unalotaka. Mimi nataka ufanyiwe. Lakini kutaka kwangu kumeshatumika mara moja.

Barua hii ukipenda mwonyeshe Longino. Msomee kwa sauti, najua atafurahia sehemu kadhaa. Mama yako nitamwambia mwenyewe leo akirudi, na sijui kama atanipikia. Alhamisi jumuiya inasali kwetu. Nitasimama niwaambie kwamba ile misa tuliitoa mapema, kwamba binti aliniambia siku ileile na mimi nikamnyamazisha. Watanong'ona. Mwenyekiti atasema mficha maradhi kifo humuumbua, atalisema huku akinitazama, na atakuwa na haki. Kisha wataanza novena nyingine, na safari hii wataombea mtu ambaye kweli anaumwa.

Kuna jambo la mwisho. Asubuhi, kabla hajaja huko Bombambili, mama yako alisimama mlangoni akaniambia, "Nenda Bombambili ukapige magoti. Hata akikufukuza. Mtoto asiende kwenye kisu na kinyongo moyoni." Unajua kwetu inavyofanywa. Watu hukaa, mmoja husema, mwingine hujibu yameisha, wanapeana mkono, mgonjwa anaondoka mwepesi. Longino mwenyewe, pamoja na viatu vyake, angekubali kunifungulia geti kwa ajili hiyo.

Nimekataa. Mama yako ameondoka bila kuniaga, na tangu hapo nimekaa kwenye gunia hili najiuliza kama ni kiburi. Labda ni kiburi. Lakini nimekuona ukisamehe watu, Skola. Unasamehe vizuri sana, unafanya hivyo kama mtu anayefagia chumba kabla ya kukihama. Ukinisamehe leo, nitajua umenisamehe kwa ajili ya kufa, na mimi sitaki ufunge kitu chochote, sitaki umalize kitu chochote na mimi. Usinisamehe. Usimwambie mama yako yameisha. Ingia huko ndani ukiwa umenikasirikia, lala na hasira hiyo, na wakikuamsha uikute palepale ulipoiacha.

Kisha uje. Hata kama ni mara moja tu, hata kama basi la kurudi Dar linakusubiri. Panda kilima hiki kwa miguu yako bila kusimama, unikute hapa bandani kina mama wakiwa wamejaa, unitukane mbele yao kuanzia siku ya ndoo mpaka siku ya kuni, yote kwa pumzi moja, bila kutafuta nyingine. Nitazima injini nikusikilize mpaka umalize.

Baba yako,
Kasiani